Kitanda Kiko Wapi? Hesabu ya Malazi Serengeti

Desemba moja tulitoka Mwanza watu sita ndani ya gari moja: mimi, mume wangu, watoto wetu watatu, na shangazi yangu. Shangazi alikuwa na miaka 67, amezaliwa na kuzeekea kando ya Ziwa Victoria, na hakuwahi hata siku moja kuingia Serengeti. Tulikuwa tumelipia malazi ya siku mbili katika hoteli moja nzuri nje ya hifadhi, upande wa ziwani, si mbali na lango la Ndabaka. Hoteli haikuwa na kosa. Mashuka yalikuwa meupe, bwawa la kuogelea lilikuwa safi, na jioni tulikula sato wa kukaanga mpaka watoto wakasinzia mezani. Kosa lilikuwa letu. Tulichagua hoteli kabla hatujaiangalia Serengeti yenyewe kwenye ramani.

Tuliamka saa 10 alfajiri. Tulipofika langoni tukakuta hawapokei fedha taslimu, nasi malipo hatukuwa tumeyaandaa, hivyo tukasubiri mpaka karibu saa 2. Watoto walitaka chui, na dereva akasema chui atafutwe Seronera, katikati ya hifadhi. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 130. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na udongo mweusi wa upande ule wa magharibi ukilowa hunata kwenye tairi kama ugali usioiva. Tulifika saa 6 mchana. Simba tuliowakuta walikuwa wamelala chali kivulini, hawakutikisika hata sikio. Chui hatukumwona. Saa 8 ikabidi tugeuze gari, kwa sababu ndani ya hifadhi haturuhusiwi kutembea na gari usiku. Gari lilikunywa zaidi ya lita 40 za dizeli siku ile. Njiani, shangazi akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi leo nimeona barabara."

Tangu siku hiyo nimerudi Serengeti mara kadhaa, nimelala ndani na nimelala nje, kwenye hema na kwenye loji, na kila ndugu au rafiki anayeniuliza hoteli gani ni nzuri ninamjibu kwa swali: unakwenda mwezi gani? Naona wengi hawalipendi jibu hilo. Lakini katika hifadhi kubwa namna ile, raha ya malazi huanza na mahali kitanda kilipo. Godoro, bwawa na bafu hufuata baadaye.

Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Chukua kisiwa cha Unguja, kiweke ndani yake, rudia hivyo karibu mara 9, ndipo utaijaza. Anayesema "nimepata hoteli Serengeti" hajasema lolote bado, sawa na anayesema amepata nyumba ya kupanga "Kanda ya Ziwa". Jina hilo limebandikwa kwenye vibao vya hoteli zilizo mbali sana na mipaka ya hifadhi. Wageni wanaotoka Arusha huingia kwa lango la Naabi, kusini mashariki, baada ya kuvuka eneo la Ngorongoro. Wa Mwanza na Musoma huingia Ndabaka, magharibi. Wa Mugumu huingia upande wa Ikoma, karibu na kijiji cha Robanda. Kaskazini mashariki liko lango la Klein's, kwa wanaotokea Loliondo. Kutoka Naabi hadi Seronera ni kilomita 45 hivi, na kutoka Ikoma ni pungufu kidogo ya hapo. Kutoka Ndabaka ndiyo safari ile niliyoisimulia. Kwa hiyo hoteli mbili zinazofanana kwa bei na kwa uzuri, zote "dakika 10 kutoka langoni", zinaweza kukupa siku zisizofanana kabisa, kwa sababu ya lango lenyewe.

Sababu kubwa ni saa. Wanyama wawindao, simba, chui, duma na fisi, huchangamka kukiwa na ubaridi: alfajiri hadi kama saa 3 asubuhi, kisha tena kuanzia saa 10 jioni. Katikati ya hapo jua huwalaza. Magari nayo yanaruhusiwa kutembea kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni. Ukiyaweka haya mawili pamoja utaona kwamba siku nzima ya hifadhi, pamoja na gharama yake yote, ina vipande viwili tu vyenye thamani kamili, kimoja asubuhi na kimoja jioni, kila kimoja saa tatu hivi. Aliyelala dakika 15 kutoka mto Seronera anavipata vyote viwili. Hutoka saa 12 kamili, anarudi saa 4 kunywa chai, analala kidogo, anatoka tena saa 10. Aliyelala mbali anavitumia vyote viwili barabarani, mara akienda, mara akirudi. Tulipolipia ile hoteli ya ziwani tulidhani tunaokoa fedha. Kumbe tuliziuza saa zile sita.

Kwa anayelala ndani, kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24. Mtu akiingia saa 8 mchana Jumamosi, anaona jioni ya Jumamosi, analala, anaona alfajiri ya Jumapili, kisha anatoka kabla ya saa 8. Kwa kibali kimoja amepata jioni nzima na asubuhi nzima. Anayelala nje ni vigumu kuipata hesabu hiyo, maana lazima atoke kabla giza halijaingia. Kabla hujalipa popote, uliza kibali chako kitahesabiwa kwa saa ngapi ukilala nje, na namba ya malipo uipate ukiwa bado mjini, penye mtandao wa uhakika.

Sasa mwezi. Serengeti ina nyumbu zaidi ya milioni 1, na pundamilia kwa mamia ya maelfu, nao hawakai mahali pamoja. Wengi tumekariri habari ya nyumbu kuvuka mto Mara, tukadhani ndiyo Serengeti ya mwaka mzima. Chanzo cha mwendo wao kiko kwenye udongo. Uwanda wa kusini, kuelekea Ndutu, umefunikwa na majivu ya volkano yaliyotoka kwenye milima ya Ngorongoro na Oldonyo Lengai. Majivu hayo yana madini mengi, nayo yameganda chini kuwa tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hailipenyi. Ndiyo maana pale ni nyasi fupi tu, peupe mpaka upeo wa macho. Nyasi hizo ni lishe bora kwa mama anayenyonyesha, na uwazi ule unamwezesha kumwona adui angali mbali. Nyumbu huzalia huko, wengi wao ndani ya wiki tatu hivi za Februari. Lakini uwanda ule hauna maji ya kudumu. Mvua za masika zikikatika, ardhi inakauka na nyumbu wanaondoka: wengine hupita upande wa magharibi, mto Grumeti, Mei na Juni, kisha kaskazini, Kogatende na mto Mara, kuanzia Julai hadi Oktoba. Vuli ikianza wanashuka tena kusini.

Malazi nayo yamefuata mwendo huo. Ziko kambi za mahema ambazo huhama kabisa: Desemba hadi Machi zimesimama upande wa Ndutu, ifikapo Julai zimekunjwa na kusimamishwa kaskazini. Jina la kambi ni lilelile, picha ni zilezile, mahali ni pengine, saa nyingi za gari kutoka pale pa mwanzo. Anayelipia mapema bila kuuliza tarehe yake itaikuta kambi wapi amelipia hema tu. Na ukilala Ndutu ujue sehemu kubwa ya eneo lile iko chini ya mamlaka ya Ngorongoro, si TANAPA inayosimamia Serengeti. Ni tozo za mamlaka nyingine, na ukivuka kuingia Serengeti unalipa tena. Hili limewaumiza watu wengi waliopanga safari kwa kukadiria tu.

Kwa familia inayokwenda mara moja baada ya miaka mingi, na inayosafiri kwa likizo za shule badala ya kalenda ya nyumbu, ninashauri Seronera bila kusita. Pale katikati mto hauishiwi maji kabisa, na wapo simba, chui, tembo, twiga na viboko mwaka mzima. Chui wa Seronera hupenda kupumzika juu ya migunga na miegea iliyo kando ya maji, na madereva wanaijua miti hiyo kama wanavyojua vituo vya mafuta. Hasara yake ni wingi wa magari. Chui mmoja anaweza kuzungukwa na magari 20 wakati wa msimu. Anayetaka utulivu aende Lobo, kaskazini, au sehemu za mbali zaidi, lakini akubali kwamba huko ukikosa kuona kitu asubuhi, hakuna mto wa pili wa kukimbilia.

Tuzungumzie fedha, maana hapa ndipo wengi wetu hukata tamaa kabla hata ya kupiga simu. Loji na kambi za kifahari zilizo ndani hupangwa kwa mifuko ya wageni wa kutoka nje, na bei zake zinatisha. Lakini Mtanzania ana milango mingine. Kwanza, kiingilio chake hulipwa kwa shilingi, tena kwa kiwango kidogo sana kikilinganishwa na dola anazotozwa mgeni, basi asiogope lango. Pili, loji nyingi zina bei ya wananchi na wakazi ambayo haiandikwi kwenye tangazo. Lazima uiulize kwa mdomo wako, na uulize hasa kwa Aprili na Mei, wakati wa masika, ambapo vyumba viko wazi. Tatu, Seronera kuna nyumba za mapumziko na hosteli za TANAPA, na kuna viwanja vya kupiga kambi vya umma kama Pimbi, Nyani na Dik Dik.

Viwanja hivyo navisifu, ila navisifu kwa tahadhari. Unakwenda na hema lako, godoro lako, chakula chako na mpishi wako kama unaye. Vyoo na mabafu ni vya pamoja. Majiko na mahali pa kulia pamezungushiwa nondo na nyavu, kwa ajili ya nyani na fisi. Hakuna uzio. Usiku tembo anaweza kupita kati ya mahema akichuma majani, na sauti ya simba, ambayo husikika hadi kilomita 8, itakufikia ukiwa umelala na kitambaa tu kati yako na nje. Kijana mwenye moyo atausimulia usiku huo mpaka awe babu. Mtu anayeamka mara tatu kwenda haja ndogo hapaswi kupelekwa pale, hata kama bei ni nzuri. Vipo pia viwanja maalumu, ambavyo kundi lako linakaa peke yake. Huko hakuna maji wala choo, kila kitu unakibeba mwenyewe.

Kulala nje pia kuna haki yake, mradi nje yenyewe iwe mahali sahihi. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida, soko, hospitali na mama ntilie, na kutoka hapo hadi upande wa Ikoma ni mwendo wa saa moja hivi. Kambi zilizoko karibu na Robanda ziko jirani zaidi na lango, na baadhi zimo ndani ya eneo la Ikona, ardhi ya vijiji iliyotengwa kwa wanyamapori, ambako sehemu ya mapato hurudi vijijini. Mimi hili nalipa uzito. Watu wa vijiji vile wanaishi na tembo wanaoingia mashambani, na ni haki kitanda changu kiwaachie kitu. Kwa anayetoka Mwanza, Bunda au Musoma kuna faida nyingine: halipi gharama ya kuvuka Ngorongoro, ambayo anayetoka Arusha hulipa hata kama hana haja ya kuiona kreta. Anayetoka Arusha naye hupumzika Karatu, mji wenye malazi mengi ya bei nafuu. Karatu inafaa kwa Ngorongoro. Kwa Serengeti ni mbali mno, na anayeahidiwa kwenda na kurudi kwa siku moja kutoka Karatu asikubali.

Mahali pakishapatikana, ndipo tuuulizie mwili. Loji kadhaa za zamani, zikiwemo za Seronera na Lobo, zimejengwa kwa kuizunguka na kuipanda miamba mikubwa ya asili. Ni majengo ya kupendeza sana, lakini miamba maana yake ni ngazi. Tuliporudi na shangazi safari ya pili, swali langu la kwanza kwa dada wa mapokezi kwenye simu lilikuwa ngazi ni ngapi kutoka chumbani hadi mahali pa chakula, na kama tunaweza kupewa chumba cha chini kilicho karibu. Alinijibu vizuri, akaniambia hata upande wenye mshikio ukutani. Kwenye kambi za mahema swali ni umbali: hema la mwisho linaweza kuwa mita 200 kutoka jikoni, na giza likiingia hutembei peke yako, unamwita askari mwenye tochi akusindikize. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa aombe hema la karibu na aeleze sababu. Watakuelewa.

Maji ya moto huwa ni mkanganyiko wa pekee. Kwenye kambi nyingi za kuhama bafu ni la ndoo: maji yanachemshwa kwa kuni au gesi, yanapandishwa kwenye mfuko juu ya hema, unaoga kwa yale yaliyomo, yakiisha yameisha. Si tabu, ni kujua tu, na kusema mapema unataka saa ngapi. Umeme ni wa sola au jenereta, na mahali pengine huzimwa usiku. Anayetumia mashine ya kupumulia usingizini, au mwenye insulini inayohitaji jokofu, asipande gari bila kupata jibu la hakika juu ya hili.

Baridi nayo hutushangaza sisi wa ziwani na wa pwani. Seronera iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na alfajiri ya Juni au Julai inataka sweta. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko juu ya mita 2,200, na kule hata blanketi mbili hazitoshi, hivyo uliza kama chumba kina kipasha joto au chupa ya maji ya moto kitandani. Upande wa magharibi na kwenye mapori kuna mbung'o. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao inayoning'inizwa mitini hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wavike watoto kaki au kijivu. Chandarua kiwepo kila kitanda, na kama hakipo hilo linatosha kukataa chumba.

Chakula kipatie dakika moja tu. Ndani ya hifadhi ni vigumu kupata duka au mgahawa wa kukimbilia, kwa hiyo bei yenye milo yote mitatu mara nyingi ndiyo nafuu, hata ikionekana kubwa. Nje, lipia kitanda na chai tu, ule mjini.

Haya yote yanabadilika hifadhi ikiwa ndogo. Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inaikata katikati kwa kilomita kama 50. Lango liko barabarani, na uwanda wa Mkata wenye wanyama wengi unaanza pale pale ukishaingia. Anayelala mji wa Mikumi yuko nusu saa kutoka langoni, saa 12 asubuhi yumo ndani, hajapoteza kitu. Tangu treni ya SGR ianze kufika Morogoro mwaka 2024, familia ya Dar inaweza kushuka pale na kumalizia kwa gari. Mikumi chagua gesti iliyo safi, yenye chandarua na usingizi mzuri, nenda. Hesabu yangu ya saa na mwezi haikuhusu sana.

Safari ya pili ya Serengeti tulikwenda Juni, tukalala usiku mmoja tu badala ya miwili, ndani, Seronera. Kwa gharama yote, pamoja na mafuta, haikupita sana ile ya Desemba. Saa 12 na dakika 40 asubuhi dereva alizima gari chini ya mwegea, akanyoosha kidole, na shangazi akamwona chui, mguu mmoja ukining'inia, mkia ukicheza. Hakusema neno kwa muda mrefu.

Sasa anataka kuona nyumbu wakizaa. Hiyo ni Februari, na ni Ndutu. Kambi za kule hujaa mapema, kwa hiyo simu ya kwanza tumepiga Agosti. Kama nawe unataka Februari, piga sasa.